Tudai Vitu, Tudai na Majina: Hotuba kuhusu Jumba la Makumbusho la Tervuren

(Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa historia, Kigoma)

Shikamooni wazee wetu. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zetu mliovuka ziwa kutoka Kalemie na Moba, karibuni sana, na asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Nimeombwa nizungumze juu ya vitu vya Afrika vilivyomo kwenye makumbusho ya Ulaya. Ni jambo pana, na nikilizunguka lote tutakesha hapa. Kwa hiyo nitawapeleka kwenye jumba moja tu, lile la Tervuren, nje kidogo ya Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Nimelichagua kwa sababu humo ndani mna vitu vya ziwa letu hili. Vingine viliondoka ng'ambo ile mnayoiona pakipambazuka vizuri, na walioviondoa walianzia safari yao upande huu wetu, Karema.

Nianze na jumba lenyewe. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Pili, ambaye wakati huo aliishika Kongo kama shamba lake binafsi, aliandaa maonyesho makubwa Brussels, na sehemu ya Kongo akaiweka Tervuren. Watu 267 waliletwa kutoka Kongo, wanaume, wanawake na watoto. Wakajengewa vijiji vya maonyesho ndani ya bustani ya mfalme, raia wa Ubelgiji wakawa wanapita kuwatazama wakipika, wakipiga makasia, wakikaa tu. Majira yale yalikuwa ya mvua na baridi. Saba kati yao walifia huko huko, nao wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Nawataja kwa makusudi, na baadaye mtaona kwa nini.

Maonyesho yale yalipendwa mno, ndipo Leopold akaamua kujenga jumba la kudumu. Alimwajiri Charles Girault, msanifu majengo Mfaransa, akamjengea kasri la mawe lenye kuba. Mfalme alifariki Desemba 1909 kabla ya kuliona likifunguliwa. Aliyelifungua Aprili 1910 ni mrithi wake, Mfalme Albert. Leo vitu vya utamaduni vilivyomo ni zaidi ya 120,000, na sehemu kubwa kabisa vimetoka Kongo. Anavyoviona mgeni kwenye makabati ya kioo ni vichache sana. Vilivyobaki viko ghalani, vimefungwa, vimepewa namba.

Sasa tuje ziwani.

Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha Leopold, alijenga ngome Karema. Karema hiyo hiyo ya mkoa wa Katavi, ambako baadhi yenu mna ndugu. Baada yake akaja ofisa mwingine, Emile Storms. Mwaka 1883 Storms alivuka ziwa akajenga ngome ya pili Mpala, mto Lufuko unapoingia ziwani. Wenyeji walimwita Bwana Boma. Juu milimani, Marungu, alikuwako chifu wa Watabwa aitwaye Lusinga.

Sitamsafisha Lusinga mbele yenu. Alifanya biashara ya watumwa na misafara iliyotoka pwani, na majirani zake walimwogopa. Wapo watakaoniuliza basi tunamlilia wa nini. Nitawajibu hivi: hukumu ya Lusinga ni ya watu aliowatenda, wao na wajukuu wao. Storms hakwenda Marungu kuwafanyia hukumu hiyo. Alitaka kuwa mkubwa pekee wa nchi ile, na Lusinga alikuwa amesimama njiani.

Tarehe 4 Desemba 1884 watu wa Storms walipanda milimani wakiwa na bunduki. Walimuua Lusinga, wakamkata kichwa, wakachoma kijiji, wakateka watu. Na katika vitu walivyoteremka navyo mlikuwamo sanamu ya mbao. Storms alirudi kwao mwaka 1885, akaiweka sanamu nyumbani kwake pamoja na silaha na vitu vingine alivyokusanya. Fuvu la Lusinga nalo lilikwenda Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili. Storms alifariki mwaka 1918. Miaka ya 1930 mjane wake akavitoa vitu hivyo kwa jumba la Tervuren. Mwaka 1964 mafuvu yalihamishwa yakapelekwa kwenye Taasisi ya Kifalme ya Sayansi Asilia, Brussels. Sanamu ikabaki Tervuren.

Naomba tuitazame vizuri sanamu hiyo. Urefu wake ni karibu sentimita 70. Ni mwanamume amesimama wima, mabega yametulia, mikono ameiweka tumboni. Nywele zimesukwa, zikateremka mgongoni kwa msuko mmoja mrefu. Usoni na mwilini zimepangwa chale kwa mistari ya nukta, moja moja, bila kukosea nafasi. Watabwa walichonga sanamu za namna hiyo kwa ajili ya wahenga wa ukoo. Ilikuwa ni hati ya Lusinga ya kutawala: huyu ndiye niliyetoka kwake. Aliyeichukua alijua vizuri anachukua nini.

Fundi aliyezipanga nukta zile aliitwa nani? Sanamu hii inajulikana duniani kwa majina mawili, la aliyeporwa na la mporaji. Jina la tatu, la aliyekaa na tezo na kisu mpaka kazi ikaisha, halimo popote. Hapa ndipo penye shabaha yangu ya leo. Nataka tudai vitu vyetu virudi, na pamoja navyo tudai majina, na yale yaliyopotea tuanze sisi wenyewe kuyatafuta, maana wanaoweza kuyatafuta ni sisi.

Mtasema ni ndoto, watu wale wamekufa zamani. Sikilizeni kisa cha Buli.

Mnajua maji ya ziwa letu yana mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie. Lukuga unakwenda magharibi mpaka unaingia Lualaba. Katika nchi hiyo ya Lualaba, nchi ya Waluba na Wahemba, ambako leo sokoni unasalimiwa kwa Kiswahili, kuna kijiji kiitwacho Buli. Miaka ya 1930 mtaalamu Mbelgiji, Frans Olbrechts, ambaye baadaye alikuja kuwa mkurugenzi wa Tervuren, alikuwa akilinganisha viti vya machifu na sanamu za wanawake waliopiga magoti wakishika bakuli. Akagundua kuwa kadhaa kati yake zimetoka kwenye mkono mmoja. Uso mrefu wa mtu aliyekula chumvi nyingi, mashavu yaliyoingia ndani, kope nzito, na viganja vikubwa kuliko kawaida, vidole vimenyooka vinabeba mzigo. Ukiiona moja, nyingine utaitambua hata ukiwa mbali. Kwa kuwa mbili kati ya kazi hizo zilipatikana Buli, fundi yule asiyejulikana akapewa jina la kijiji: Bingwa wa Buli. Lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu mpaka hapo Ulaya ilizoea kusema sanamu ya Kiafrika imechongwa na kabila. Kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja.

Lakini Olbrechts aliishia kwenye makabati. Ilipofika miaka ya 1970 watafiti walikwenda kule kule wakawauliza watu. Wakakuta kiti cha namna ile bado kiko kwa wenyewe, na wenyewe wakasema: hiki kilichongwa na Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Bila shaka yoyote, bila kupekua karatasi. Jina lilikuwapo wakati wote. Kazi za mkono huo zilikuwa zimezunguka Ulaya na Marekani miongo mingi, zimepigwa picha, zimeandikiwa makala, zimeuzwa kwa fedha ambayo Kateba nzima isingeiota, na jina la mwenye mkono lilikuwa limekaa kijijini linangoja mtu wa kuuliza. Wataalamu wengine bado wanajadili kama kazi zote zile ni zake au zilikuwa za karakana, baba na mtoto, fundi na mwanafunzi. Mjadala huo ni mzuri, na hata huo usingekuwapo kama hakuna aliyeuliza.

Sasa niwaambie kwa nini mimi nina haraka kuliko watu wa wakati wa Olbrechts. Tunaposema vitu vya makumbusho, akili za watu hukimbilia vinyago na sanamu. Tervuren zimo, na ni nzuri kupita kiasi. Lakini mle ghalani vimejaa pia vitu vya kila siku: pawa, vibuyu, shanuo, mito ya mti ya kulalia kichwa, majembe, vinu, mikeka, vikapu, marimba, nyavu, migono. Vilikusanywa na maofisa, mapadri, wafanyabiashara na madaktari, vingine kwa kununuliwa, vingine kwa zawadi, vingine kwa mtutu, na mara nyingi rejesta haisemi ni kipi kati ya hivyo. Wazungu waliviweka kando na kuviita vyombo, sanamu wakaziita sanaa. Mpaka huo waliuchora wao. Chukueni mkeka wa Watabwa wenye nakshi ya balamwezi, zile pembetatu za giza na mwanga zinazofuatana kama mwezi mwandamo unavyofuata usiku wa kiza. Nakshi hiyo hiyo iko kwenye kiti cha chifu, na ilichanjwa kwenye ngozi za watu. Mama aliyeusuka mkeka na fundi aliyechonga kiti walikuwa wanasema jambo moja.

Au chukueni mgono. Wanafunzi wa mjini labda hamjaushika. Ni mtego wa samaki wa matete au fito zilizochanwa, umesukwa ukawa na umbo la pia ndefu. Mdomoni mwake kuna mdomo wa pili uliogeuzwa ndani, fito zake zimechongoka na zinapinda zikisukumwa. Samaki anaingia kwa urahisi, zinamfungukia. Akigeuka kutoka, ncha zote zinamtazama yeye. Msukaji lazima ajue upana wa samaki anayemtaka ili wadogo wapenye na wakubwa wabaki. Lazima ajue mmea upi hauozi majini upesi, na mto utajaa lini. Ukiutundika mgono ukutani Ulaya na kuandika chini yake "mtego, Tanganyika", umeandika kweli, na umeacha karibu kila kitu. Na hapa ukumbini, najua, wamo wazee ambao wakishikishwa mgono wa zamani watatuambia ulikuwa wa mto au wa ziwa, na pengine watatuambia msukaji alitoka upande upi, kwa kutazama tu anavyofunga kamba. Wazee hao hawatakaa nasi milele. Kwa sanamu ya Lusinga tumechelewa sana. Kwa mgono bado hatujachelewa. Ndiyo maana nasema tuanze na vyombo.

Nirudi Tervuren kidogo, maana majina nao wanayajua thamani yake. Ndani ya jumba lile kuna ukuta wa ukumbusho wenye majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo katika miaka ya mwanzo, mpaka 1908. Yamechongwa vizuri, mtu na jina lake. Wakongo waliofia nchini kwao kwa sababu ya mpira na pembe za ndovu hawana ukuta. Jumba lilipofungwa mwaka 2013 kwa matengenezo na kufunguliwa tena Desemba 2018, msanii wa Kinshasa, Freddy Tsimba, aliweka kazi yake mbele ya ukuta huo. Kwenye vioo vya madirisha aliandika majina ya Wakongo waliofia Ubelgiji, wale wa 1897 wakiwamo. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo vinaanguka juu ya ule ukuta wa majina 1,508 na kutembea juu yake kadiri jua linavyosogea. Nawaambia kwa dhati, katika yote yaliyobadilishwa kwenye jumba lile, hilo ndilo lililonigusa. Msanii hakuomba ruhusa ya kufuta jina la mtu. Aliongeza yaliyokosekana.

Tukizungumza kurudisha vitu, tuseme ukweli wote, na wetu pia. Madai haya si ya jana. Tarehe 4 Oktoba 1973 Mobutu, rais wa Zaire, ndiyo Kongo ya leo, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akadai nchi zilizoporwa zirudishiwe angalau sehemu ya kazi zao. Kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ikarudisha Zaire vitu 114. Ulinganishe na zaidi ya 120,000. Kisha zikaja vurugu za miaka ya 1990, na vitu vingi vya makumbusho ya Kinshasa vikaibwa na kuuzwa, baadhi ya vile vilivyorudishwa vikiwamo. Hilo linauma, na wenzetu Ulaya hulitaja kila tukifungua mdomo. Mimi silikatai. Naongeza tu kwamba Agosti 2023 Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, lilitangaza kuwa vitu vyake vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, na idadi iliyotajwa baadaye ilikuwa karibu 2,000. Mfanyakazi mmoja alifukuzwa. Na Uingereza haikunyang'anywa vilivyobaki. Wizi ni tatizo la kufuli, rejesta na uaminifu, nalo linarekebishika Kinshasa kama linavyorekebishika London. Kinshasa sasa ina Makumbusho ya Taifa mapya, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa mwaka 2019. Lubumbashi nayo ina yake.

Mwaka 2022 mambo yalikwenda mbio kidogo. Februari, waziri mkuu wa Ubelgiji alimkabidhi waziri mkuu wa Kongo orodha ya vitu takriban 84,000 vilivyoko Tervuren. Juni, Mfalme Philippe alikwenda Kinshasa na kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, akakikabidhi kwa Makumbusho ya Taifa kwa mkopo usio na kikomo. Neno mkopo linanichoma, na sitalificha: mwenye mali hakopeshwi mali yake. Julai 3 ikapitishwa sheria ya Ubelgiji inayofungua njia ya kurudisha vitu vya enzi za ukoloni, kwa makubaliano ya serikali na serikali. Sheria hiyo ni ya vitu. Mabaki ya watu hayamo. Kwa hiyo fuvu la Lusinga, jambo ambalo mtu yeyote mwenye wazazi angeliweka la kwanza, halimo katika sheria hiyo.

Sisi upande huu wa ziwa tuna la kuwaambia ndugu zetu wa Marungu. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilitajwa kwenye mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, kwa jina lake, kifungu cha 246: Ujerumani ilirudishe. Lilifika Kalenga tarehe 19 Juni 1954. Miaka 35, na sheria ya dunia ilikuwapo mezani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Wahehe hawakuacha kuuliza. Sheria peke yake haijawahi kurudisha kitu. Kinachorudishwa ni kile ambacho kuna watu wanakijua, wanakitaja, na wanajua kitakaa wapi kikifika.

Ndiyo maana ile orodha ya vitu 84,000 naiona kubwa kuliko kinyago kilichopokelewa kwa ngoma. Orodha ikikaa ofisini Kinshasa, itabaki karatasi ya serikali mbili. Ikifika Moba, Kalemie, Kongolo na Buli, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyewe, ikiwa na picha, itakuwa kitu kingine kabisa. Mvuvi ataona mgono wa babu yake. Mwanamke wa Marungu ataona mkeka na kusema huu ni wa kwa kina fulani. Padri atakumbuka nani aliuza nini parokiani. Na ukoo wa Lusinga, ambao haujaacha kumwomba mzee wao, hautakuwa peke yake. Naomba vyama vya utamaduni vya pande zote mbili za ziwa viandike barua moja kuiomba orodha hiyo, sehemu ya Tanganyika na Katanga, na viipeleke Kinshasa na Tervuren pamoja. Jumba lenyewe limesema mara nyingi kwamba linataka kufanya kazi na jamii zilikotoka mali hizi. Tulichukue neno lao.

Walimu wenzangu, msingoje barua hiyo ijibiwe. Picha za baadhi ya vitu ziko wazi kwenye mtandao. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kwenda nazo kijijini wakati wa likizo akarudi na majina matano ambayo hakuna mtaalamu wa Ulaya anayeyajua. Aandike jina la kitu, jina la aliyekuwa akikitengeneza, jina la aliyemweleza, na tarehe. Akiambiwa mambo mawili yanayopingana, ayaandike yote mawili.

Leo tumechapa picha chache, ziko kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango. Wazee, baada ya chai tunawaomba mkae pale. Kila mmoja atakuwa na mwanafunzi mwenye daftari. Mkiona kitu mnachokijua, mwambieni kinaitwaje, kinatokana na mti gani au mmea gani, na nani alisifika kwa kazi hiyo kwenu. Mkiona kitu ambacho hakikupaswa kuonyeshwa hadharani, mtuambie pia, na picha hiyo tutaiondoa mezani papo hapo. Tutaanza na migono, kwa kuwa wavuvi wanawahi kurudi ziwani jioni.